Rosalind na Mzinga Uliofichwa

Miaka ya 1950, meli kubwa kuliko zote katika jeshi la majini la Afrika Mashariki ilikuwa na jina la binti aliyejifanya mwanamume. Iliitwa Rosalind. Wasomaji wa Shakespeare mnamjua: mtoto wa mtawala aliyepinduliwa, anafukuzwa na baba yake mdogo, anavaa nguo za kiume, anajiita Ganymede na kukimbilia msitu wa Arden. Mwalimu Nyerere alitupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, huyu Rosalind hakumgusa, kwa hiyo wengi wetu tulikutana naye kwa Kiingereza, darasani, saa nane mchana, tukisinzia.

Meli yenyewe ilijengwa Uingereza mwaka 1941. Ilikuwa moja kati ya kumi na mbili zilizopewa majina ya wahusika wa Shakespeare. Kulikuwa na Hamlet, Ophelia, Othello, Macbeth, na Romeo na Juliet kila mmoja na meli yake. Laertes ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani karibu na Freetown mwaka 1942. Coriolanus iligonga bomu katika bahari ya Adriatic Mei 1945, vita vya Ulaya vikiwa vimebakiza siku za kuhesabu. Rosalind ilinusurika, ikaletwa Mombasa baada ya vita, ikatumikia lile jeshi dogo la majini ambalo lilivunjwa mwaka 1962, Tanganyika ikiwa imeshapata uhuru na Kenya bado inasubiri.

Sasa utamu uko hapa. Rosalind ilikuwa meli ya vita, lakini umbo lake halikuwa la manowari. Lilikuwa umbo la meli ya samaki.

Huku bara ukitaja meli ya uvuvi, mtu anakumbuka Tawariq 1, ile iliyokamatwa Machi 2009 ikiwa na jodari wa wizi, mpaka mitaani watu wakazungumzia "samaki wa Magufuli", kwa kuwa yeye ndiye alikuwa waziri wa uvuvi. Ninayoizungumzia mimi ni aina nyingine: meli inayokokota wavu mkubwa kama mfuko, nyuma yake, ukiburuzika karibu na sakafu ya bahari. Wengine wanaiita trola. Ni meli fupi, nene, yenye injini ya nguvu kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wake, na winchi ya kuvutia waya mzito. Inajengwa ivumilie mawimbi ya majira ya baridi, maana samaki wa bahari za kaskazini hawasubiri hali ya hewa.

Waingereza waligundua mapema kwamba chombo chenye waya, winchi na watu waliozoea kukokota kitu chini ya maji kinafaa kwa kazi nyingine. Mabomu ya baharini yanategwa kwa kufungwa nanga, yanaelea chini kidogo ya uso wa maji yakisubiri tumbo la meli. Kuyaondoa, meli mbili zinakwenda sambamba zikiwa zimenyoosha waya kati yao. Waya unakamata kamba ya bomu, unaikata, bomu linaibuka, mtu analipiga risasi kwa mbali. Ni uvuvi, ila samaki wake analipuka. Mwaka 1907 Admirali Charles Beresford alipendekeza meli za samaki zitumike kwa kazi hiyo, na kufikia 1910 kikosi cha akiba kilikuwa kimeundwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaka, serikali ilichukua meli za uvuvi zaidi ya elfu moja pamoja na wavuvi wake. Vita ya pili wakafanya tena, na safari hii wakajenga na mpya kwa kuiga umbo lile lile. Rosalind ni mmoja wa hao wa kuigwa. Haikuwahi kukokota wavu wa samaki hata siku moja, lakini ilizaliwa na sura ya mvuvi.

Kikosi cha watu hao kilikuwa na makao Lowestoft, mji wa wavuvi mashariki mwa Uingereza. Mnara wa kumbukumbu ulioko pale una majina 2,385 ya watu ambao hawana kaburi isipokuwa bahari. Wanajeshi wa meli kubwa waliwacheka, wakawabandika jina la mchekeshaji wa jukwaani, Harry Tate, aliyejulikana kwa vituko vya gari lisilowaka. Ndivyo ilivyo kila mahali. Anayefanya kazi ya kufagia njia anachekwa na anayepita juu yake.

Najua kuna msomaji anajiuliza mwandishi wa Dodoma anatafuta nini baharini. Huku kwetu maji makubwa ni Mtera, na hata hayo ni bwawa. Samaki tunaowala wanatoka huko Mtera, au wamesafiri kutoka Mwanza na Kigoma, dagaa wakiwa ndani ya magunia. Lakini vita vya majini vimewahi kupita Dodoma. Vilipita kwa treni.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa tena vipande vipande na kupakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja hadi Dar es Salaam, yakasafirishwa kwa reli kuvuka Ugogo na Unyamwezi hadi ziwani. Ilikuwa meli ya mizigo na abiria. Iliposhushwa majini Februari 1915, vita ilikuwa imeshaanza, ikafungwa mizinga. Mmoja wa mizinga hiyo ulitoka kwenye manowari ya Königsberg, iliyokuwa imejificha katika mikono ya mto Rufiji, Waingereza wakiwa wameuziba mlango wa kutokea. Na kuna kiboti kinaitwa Adjutant, boti ya kuvuta meli bandarini. Waingereza walikiteka kwa Wajerumani wakakifunga silaha. Wajerumani wakakiteka tena Rufiji Februari 1915, kisha nacho kikafunguliwa, kikapakiwa kwenye treni kwenda Kigoma. Kwa hiyo mchunga ng'ombe wa Kigogo aliyesimama kando ya reli miaka ile anaweza kuwa ameona manowari ikimpita bila kujua kwamba ni manowari. Mimi hiyo ndiyo picha inayonikaa kichwani.

Hata waliomwinda Königsberg walitumia vyombo vya uvuvi. Manowari kubwa za Uingereza hazikuweza kuingia Rufiji, maji ni mafupi. Zikaletwa meli ndogo zilizojengwa kuvulia nyangumi, zikiwa zimefungwa mizinga: Echo, Fly, Childers na Pickle. Hizo ziliweza kusogea karibu na mikoko. Zilizoimaliza Königsberg ni Severn na Mersey, tarehe 11 Julai 1915, ila bila vile vyombo vya nyangumi kuwatangulia na kuwasafishia njia, kazi ingekuwa nyingine kabisa.

Haya, swali langu sasa. Kuna ubaya gani, kimaadili, kuchukua chombo cha mvuvi na kukifanya chombo cha vita?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna. Vita ni vita. Jembe linakuwa mkuki, basi la abiria linabeba askari, shule inakuwa kambi. Nilikuwa na jibu hilo kwa muda mrefu kidogo. Lililonitikisa ni kesi moja ya Marekani, na naomba uvumilivu wako hapo, kwa sababu ni kesi tamu kuliko zinavyosikika kesi.

Mwaka 1898 Marekani na Hispania walipigana, na Kuba ilikuwa ya Wahispania. Manowari za Marekani zikaizingira Havana. Mashua mbili za uvuvi, Paquete Habana na Lola, zilikuwa zinarudi nyumbani na samaki wao. Samaki walikuwa hai, maana wavuvi wale waliwauza wakiwa hai. Hawakuwa na silaha. Tena hawakujua kama kuna vita, walikuwa baharini. Wakakamatwa, mashua zikapelekwa Florida zikapigwa mnada kama mateka. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Januari 1900 majaji wengi wakasema: hapana. Wakarudi nyuma karne tano, hadi amri za mfalme wa Uingereza za mwaka 1403, kuonyesha kwamba mataifa yanayopigana yamezoea kumwacha mvuvi wa pwani avue. Fedha za mnada zirudishwe, na fidia juu. Fikiria hilo: mahakama ya nchi iliyoshinda vita inaiambia serikali yake imrudishie adui masikini hela ya mashua yake.

Miaka saba baadaye, 1907, mkutano wa Hague ukaandika desturi hiyo iwe mkataba. Chombo kinachotumika kwa uvuvi wa pwani tu hakitekwi, wala nyavu zake, wala mzigo wake. Kinga inakoma mara chombo kinaposhiriki vita kwa namna yoyote. Halafu kuna sentensi ya tatu, ambayo kwangu ndiyo uti wa mgongo. Mataifa yanaahidi kutoutumia upole wa vyombo hivyo kwa kazi za kijeshi huku vikiachwa na sura yake ya amani. Kwa Kiswahili cha barabarani: ukitaka kumvisha mvuvi sare, mvishe. Usimfiche askari ndani ya mvuvi.

Ni vizuri niseme kwamba mkataba ule uliwalinda wadogo, wale wa karibu na pwani. Matrola makubwa ya bahari kuu hayakuwemo. Kwa hiyo kisheria Rosalind na jamaa zake walikuwa sawa: bendera ya kijeshi juu, mzinga mbele, kila mtu anauona. Mimi mwenyewe sina ugomvi mkubwa na Rosalind. Ugomvi wangu uko kwa Thomas Crisp, na huyu ni shujaa.

Crisp alikuwa nahodha wa mashua ya uvuvi ya tanga huko Lowestoft. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zimeshaanza kuziandama mashua za namna hiyo. Mara nyingi nyambizi iliibuka, ikawaamuru wavuvi washuke kwenye kiboti chao, kisha ikalipua mashua. Haikutaka kupoteza topido kwa kitu kidogo hivyo. Waingereza wakaona mwanya. Wakafunga mzinga kwenye mashua chache, wakaziacha ziendelee kuvua kama kawaida, zikiwa chambo. Tarehe 15 Agosti 1917 Crisp alikuwa kwenye mojawapo, ikiitwa Nelson, nyavu zikiwa majini, mwanawe akiwa mmoja wa mabaharia. Nyambizi ikaibuka mbali, ikaanza kupiga. Mzinga mdogo wa Nelson haukufika. Crisp alipigwa, mwili ukaharibika vibaya, akaamuru vitabu vya siri vitupwe baharini na njiwa aachiwe kupeleka ujumbe wa kuomba msaada. Akawaambia wenzake wamtupe majini waokoe nafsi zao. Hawakuweza kumsogeza. Akazama na mashua yake. Akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa, naye Lloyd George, waziri mkuu, akamsifu bungeni.

Mtu anayesoma habari hiyo bila koo kumkauka ana roho ngumu. Na bado ninauliza. Ile nyambizi iliyofuata, ilipoiona mashua nyingine yenye tanga la kahawia na nyavu majini, nahodha wake alifikiri nini? Zamani angeibuka na kuwaamuru watu washuke. Sasa anajua kwamba mashua inaweza kuwa na mzinga chini ya nyavu. Angekuwa mjinga kuibuka karibu. Atapiga kutoka mbali, na aliyeko kwenye mashua hiyo ya pili hana mzinga, hana njiwa, na hatapata nishani.

Hapo ndipo ninapoona kosa lilipo. Kuna kitu mvuvi wa Lowestoft alikuwa nacho, mvuvi wa Havana alikuwa nacho, na hakikuwa mali ya mmoja wao. Ni kuaminika. Ukiona mashua ya namna fulani, unajua ni watu wanaotafuta riziki. Imani hiyo imejengwa na maelfu ya mashua ambazo kweli zilikuwa na samaki tu. Anayeficha mzinga ndani ya moja anachota kwenye akiba ya wote. Ni sawa na mwanachama wa vikoba anayekopa kwa jina la kikundi bila kikundi kujua. Deni likija, linawagongea wote.

Na wala haihitaji mzinga kweli. Inatosha kuhisiwa. Oktoba 1904, usiku, meli za kivita za Urusi zikisafiri kwenda kupigana na Japani zilikutana na meli za uvuvi za Hull katika bahari ya Kaskazini, kwenye eneo la Dogger Bank. Warusi walikuwa wamejazwa uvumi kwamba Wajapani wameficha boti za topido huko. Wakafyatua mizinga. Meli ya uvuvi iitwayo Crane ikazama, wavuvi wawili wakafa pale pale. Tume ilipokaa Paris ikakuta hakukuwa na boti ya topido yoyote, na Urusi ikalipa pauni 66,000. Sehemu kubwa ya msafara huo ilizunguka Afrika ikaenda kutia nanga Nosy Be, Madagaska, ikakaa huko wiki kadhaa ikipakia makaa na kusubiri amri. Yaani walikuja kupumzika kwa majirani zetu, wenyeji wakiwazunguka na ngalawa zao. Sijui nani alikuwa na hofu zaidi, mwenye ngalawa au mwenye mzinga.

Nilimpelekea hoja hii mzee mmoja mstaafu wa jeshi, tunakutana kwenye kijiwe cha kahawa hapa mjini. Nilimwamkia, nikamweleza habari za Hague na za Crisp, akanisikiliza mpaka kikombe kikapoa.

"Mwanangu," akasema, "mwenye kifaru hana haja ya kujificha."

Nikamwambia sijamwelewa vizuri mzee.

"Sheria hizo waliandika wenye manowari. Asiye na manowari ana nini? Ana ngalawa. Unamwambia apake ngalawa rangi ya kijeshi, apandishe bendera, halafu asubiri kupigwa. Wewe ungesubiri?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa nalo. Hoja ya mzee ni nzito, na historia ya ukanda wetu iko upande wake. Che Guevara aliposafiri kutoka Kigoma kwenda Kongo Aprili 1965 hakuvuka Ziwa Tanganyika na manowari. Alivuka kwa boti, usiku, kama mtu yeyote mwenye biashara ambayo hataki ijulikane. Harakati nyingi za ukombozi tunazoziimbia zilitembea kwa njia hiyo, zikalala kwenye nyumba za wakulima na kula kwenye sufuria za wavuvi. Ukisema kila anayejificha katika sura ya raia ni mhalifu, umewahukumu watu ambao majina yao tumeyapa mitaa na shule.

Lakini nimeendelea kuifikiria, na naona mzee aliacha kitu kimoja nje. Aliuliza nani ananufaika na sheria, hakuuliza nani analipa ikivunjwa. Aliyejificha akishinda, amepata. Akishindwa, anaondoka eneo hilo. Mvuvi haondoki. Tazama Lamu. Baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia mwaka 2011 na mashambulizi kuongezeka ukanda ule, serikali ilipiga marufuku kuvua usiku, ikadumu kwa miaka kadhaa. Hofu yao haikuwa ya kubuni: mashua inayotembea gizani inaweza kubeba mvuvi, inaweza kubeba mtu wa al-Shabaab, na kwa mbali zote ni kivuli kimoja. Ila kuna samaki ambao hukamatwa usiku tu. Kwa wavuvi wa Lamu marufuku ilikuwa njaa, na hawakuwa wamemficha mtu yeyote. Mwenye bunduki, awe mnyonge au mwenye nguvu, alikuwa ameshakopa kwa jina lao.

Kwa hiyo niko upande wa Hague, kwa shingo upande. Mnyonge ana haki ya kupigana na mwenye kifaru, hilo simnyang'anyi. Ninachomnyima ni haki ya kuweka rehani kisicho chake. Kama kijiji kizima cha wavuvi kimekaa, kimekubaliana, kinajua bei, hapo naweza kunyamaza. Ni mara ngapi kijiji kimeulizwa?

Na mwenye nguvu anapofanya hivyo hata huo udhuru wa mzee hana. Bahari ya China ya Kusini leo ina meli za uvuvi za Kichina zinazokwenda kwa makundi, zikatia nanga kwenye miamba inayogombaniwa na Ufilipino, zikakaa wiki nyingi bila kuvua kitu. Ni wanamgambo wenye nyavu. Nchi yenye jeshi la majini kubwa kuliko zote duniani kwa idadi ya meli inajificha nyuma ya mvuvi, halafu mvuvi wa Kifilipino, ambaye ni mvuvi kweli, anarushiwa maji kwa mizinga ya kuzimia moto anapokaribia eneo la baba zake.

Jambo hili haliishii baharini. Mwaka 2011, katika kumsaka Osama bin Laden, shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini huko Abbottabad, Pakistani, ili kupata vinasaba vya watu wa ile nyumba. Habari ikavuja. Wachanjaji wa polio, wengi wao wanawake, wakaanza kupigwa risasi, wakituhumiwa ujasusi. Mwaka 2014 Ikulu ya Marekani ikaahidi kwamba ujasusi hautatumia tena chanjo. Ahadi nzuri, imechelewa. Na sisi wa kalamu tunayo yetu: Ahmad Shah Massoud aliuawa Afghanistan, Septemba 2001, na watu wawili waliokuja na kamera wakijiita waandishi. Tangu hapo nani anamlaumu mlinzi anayeipekua kamera kama bomu? Ninapokwenda kijijini na daftari langu, ninatembelea imani ambayo sikuijenga mimi.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu vyote hivi, na sidhani ni bahati mbaya. Chombo ni mashua, chombo ni sahani, chombo ni nyundo. Kuna vyombo vya habari na vyombo vya dola. Neno hilo hilo linabeba swali la nani anakishika.

Nimesema sina ugomvi mkubwa na Rosalind, yaani na chombo kilichovaa sare waziwazi. Udogo wa ugomvi huo nao una mipaka, na mipaka yenyewe nimeikuta hapa hapa nyumbani.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe karibu na Kigoma, wakiwa wameipaka grisi mitambo yake ili isioze, wakitumaini kuirudia. Wiki hiyo hiyo, tarehe 29, majeshi ya van Deventer, Waafrika Kusini waliokuwa wakipigana upande wa Uingereza, yaliingia Dodoma. Jeshi moja likatoka, jingine likaingia, na yote mawili yalikuwa na njaa. Wajerumani walikuwa wamechukua nafaka na ng'ombe wa Ugogo. Waingereza nao wakachukua ng'ombe, na wakachukua watu kuwa wapagazi. Hakuna aliyejificha. Hakuna askari aliyejifanya mkulima. Ghala la mtama lilifunguliwa mchana kweupe na mtu mwenye sare, likawa chombo cha vita kama vile trola la Hull. Kisha mvua zikakosa, na mwenye nyumba akakuta ghala halina akiba ambayo kwa kawaida ndiyo iliyomvusha mwaka mbaya.

Wagogo waliuita wakati huo Mtunya, na maana yake inazungukia kugombania, kunyang'anyana. Makadirio yanayonukuliwa na wanahistoria ni kwamba walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Wengine walikufa baada ya vita, mizinga ikiwa imeshanyamaza. Hakuna kifungu cha Hague kilichovunjwa kuhusu sura ya amani.

Basi uwazi haukutosha. Crisp walau aliamua kupanda Nelson, hata kama mashua za wenzake hazikuulizwa. Mnyapara aliyekuja na askari kwenye boma la Kigogo hakuuliza. Nadhani ukitaka kupima uchukuaji wa namna hii, uzito wa kwanza si sare wala mzinga unaoonekana. Ni kama mwenye chombo angeweza kusema hapana akabaki na chombo chake, na kama aliyechukua alibaki karibu vya kutosha kukirudisha.

Götzen ilirudishwa. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, grisi ya Wajerumani ikawa imefanya kazi yake. Mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba, ikaanza kubeba abiria na magunia ya dagaa kati ya bandari za ziwa, kazi ile ile iliyojengewa kabla mtu hajaifunga mzinga wa Königsberg. Baadhi ya magunia hayo yalishuka stesheni ya Dodoma.